Panya, mamoseti, makaki au oganoidi? Kwa waliokwama wasijue wapi wahariri jeni

Wiki iliyopita wadogo zangu wawili wanaosoma masters walinikuta kibarazani hapa Entebbe, kila mmoja na proposo yake mkononi, chai haijamiminwa bado wakaanza kuvutana. Mmoja anataka kusoma ugonjwa wa Parkinson kwa sababu babu yao anatetemeka mikono mpaka kikombe kinamwagika. Mwingine anataka selimundu, ile wengi tunaita sikoseli, na huyo hata hahitaji kujieleza sana maana hapa Uganda kwenye kila watu mia kama 13 wanabeba hiyo jeni. Cha ajabu wote wawili walikuwa wameandika sentensi ileile utadhani walinakiliana: "Nitatumia nyani waliohaririwa jeni kwa kuwa nyani yuko karibu zaidi na binadamu."

Nikawaambia hebu wekeni kalamu chini. Sentensi ni tamu lakini haijajibu kitu. Karibu kwa nini? Kwa jicho, kwa damu, kwa ubongo, kwa ini? Tukakaa mpaka saa mbili usiku, mbu wakatula vizuri sana, na haya ndiyo tuliyolinganisha, nayaandika kwa wengine waliokwama palepale.

Kwanza majina yasituchanganye. Nikiandika jeni ni jeni, yale maagizo ya mwili tunayorithi kwa wazazi (na kuhariri ni kuyabadilisha), sio jini, simu yangu inabadilisha kila mara na nimechoka kusahihisha. Na hao "nyani" wa maabara sio nyani wa kwetu wanaokaa barabarani kusubiri ndizi, wala sio tumbili wa bustani ya Entebbe wanaopora mikate ya watoto. Ni makaki, kima wa Asia, hasa makaki resusi na makaki wa mkia mrefu. Mamoseti ni kijikima cha kaskazini mashariki mwa Brazil, gramu 300 hadi 400 tu, kinakaa kiganjani. Oganoidi sio mnyama kabisa, ni kinofu cha tishu kinachokuzwa kwenye sahani kutoka seli shina za binadamu, zile zinazoweza kugeuka seli za aina nyingi, na za ubongo zilitangazwa Vienna mwaka 2013. Panya ni panya, yule mdogo wa maabara. Mkasi wenyewe wa kukata jeni siku hizi ni Krispa (CRISPR), ile iliyowapa wanasayansi Doudna na Charpentier Nobel ya 2020.

Tutapima kwa nini

Vigezo vyangu ni vitano na navipanga kwa uzito ninaovipa mimi, mwingine atapanga vingine. Ugonjwa wako unakaa kwenye kiungo gani, na huyo uliyemchagua anacho? Halafu muda. Halafu uhariri wenyewe ukishafanyika unatoka safi kiasi gani. Halafu pesa na umeme. Mwisho dhamiri na vibali, na nimeviweka mwisho sio kwa kuvidharau, ni kwa sababu ukifeli kile cha kwanza hakuna haja hata ya kwenda kuomba kibali.

Ugonjwa unakaa wapi

Hapa ndipo nitakaa sana. Anza na mfano wa nyumbani. Mwaka 1947 kwenye msitu wa Zika, hapa karibu tu na barabara ya Kampala, watafiti wa homa ya manjano waliweka makaki resusi kwenye vizimba juu ya miti ili mbu wawaume. Mmoja, namba 766, akapata homa kidogo tu. Damu yake wakawadunga panya ubongoni, panya ndio wakaugua, na hivyo ndivyo virusi vya Zika vilivyopatikana. Miaka karibu sabini baadaye watoto wa Brazil wakazaliwa na vichwa vidogo na dunia nzima ikatafuta mnyama wa kuuchunguza huo ugonjwa, kumbe panya wa kawaida aliyekomaa ukimdunga Zika chini ya ngozi hashtuki. Ikabidi watumie panya walioondolewa jeni ya kipokezi cha interferoni, yaani walinzi wa mwili wamefukuzwa kwanza ndipo mwizi akaingia. Na waliosaidia sana kuonyesha kichwa kidogo kinatokeaje ni oganoidi za ubongo mwaka 2016, virusi vikawekwa pale kwenye sahani na seli changa za neva zikawa zinakufa na kinofu chenyewe kikabaki kidogo. Kwa hiyo makaki, panya na oganoidi wote wamepita kwenye ugonjwa mmoja, na kila mmoja alijibu swali lake, hakuna aliyejibu yote.

Sasa Parkinson. Kuna jeni inaitwa PINK1, ikiharibika kwa mtu anaweza kupata Parkinson mapema. Panya wakiondolewa hiyo jeni wanaishi tu, wanakula, neva zao za dopamini, zile ambazo kwa mgonjwa wa Parkinson hufa, zipo. Mwaka 2019 watafiti wa Guangzhou wakaiondoa kwa makaki kwa kutumia Krispa, neva zikafa. Jeni ileile, matokeo mbali kama Kasese na Karamoja. Mdogo wangu aliposikia hiyo akapiga meza, "Si nilisema!" Nikamwambia tulia bado.

Kwa jicho makaki na mamoseti wana kile kidoa cha katikati ya retina cha kuona vitu vidogo kama maandishi, panya hana. Ukisoma ugonjwa wa hicho kidoa kwa panya unasoma nyumba ambayo haijajengwa. Kwa tabia pia, mwaka 2019 makaki waliohaririwa jeni ya SHANK3, ambayo inahusishwa na usonji, walionyesha usingizi mbovu, kurudiarudia vitendo na kutochangamana na wenzao. Mamoseti nao wana cha kwao kwenye upande huu maana wanaishi kifamilia baba mama na watoto, na wanaongea kwa zamu, mmoja anapiga mluzi mwingine anasubiri amalize ndio ajibu, adabu ambayo baadhi ya mabwana kwenye mikutano yetu hawana. Ila ubongo wa mamoseti ni laini, haujakunjamana kama wetu au wa makaki, kwa hiyo ukitaka kusoma makunyanzi ya ubongo umekosea mlango.

Oganoidi ina kitu kimoja ambacho wale watatu hawana: ni ya binadamu. Unaweza kuchukua ngozi au damu ya mgonjwa mwenyewe, ukairudisha iwe seli shina kwa njia ya Yamanaka, mwanasayansi wa Japani, ukasahihisha jeni moja na ukalinganisha mbovu na nzuri za mtu yuleyule. Lakini haina mishipa ya damu ya kweli, haina kinga ya mwili, haitembei wala haitetemeki. Na inafanana na ubongo wa mimba zaidi kuliko wa mzee wa miaka 70, sasa Parkinson ya babu hapo inakuwa mtihani.

Halafu hili la "karibu zaidi" nataka niliue kabisa. Sokwe yuko karibu nasi kuliko makaki, si ndio? Enzi zile sokwe walidungwa virusi vya UKIMWI na karibu wote hawakuugua. Tumbili wetu wanabeba SIV ya kwao, yaani virusi vya kima vilivyo ndugu na vya UKIMWI, vizuri tu hawaumwi, wakati makaki wa Asia akipata SIV iliyotoka kwa mangabe, kima mwingine wa Afrika, anaugua na kufa. Na mwaka 2006 London dawa inaitwa TGN1412 ilipita kwa makaki bila shida, wakapewa wanaume sita wazima, dozi ndogo sana kuliko ya makaki, wote sita wakaishia chumba cha mahututi. Walipona lakini ilikuwa karibu. Sababu ilikuwa seli fulani za kinga za makaki hazina kile kipokezi ambacho dawa ilikuwa inakigusa kwetu. Kitu kidogo namna hiyo, na undugu wote hauna maana.

Muda

Panya mimba yake siku 19 hadi 21, wiki sita hadi nane yuko tayari kuzaa. Kizazi kipya kila miezi mitatu hivi, kwenye masters yako unaona wajukuu.

Makaki mimba ni kama miezi mitano na nusu, mtoto mmoja, halafu usubiri miaka mitatu au minne kwa jike, dume mpaka minne au mitano. Na wa kwanza waliohaririwa huwa hawatoki safi, nitaeleza, kwa hiyo mara nyingi unamtaka mtoto wao. Hesabu mwenyewe, ni miaka sita na ushee kabla hujaanza kupima kitu cha maana, na ruzuku nyingi ni miaka mitatu. Kama ugonjwa wenyewe ni wa uzeeni ongeza mingine mingi maana makaki anafika miaka 25 na zaidi.

Mamoseti yuko katikati na hapo ndipo anapopendwa. Mimba miezi mitano, anakomaa mwaka mmoja hadi na nusu, na kwa kawaida anazaa mapacha. Kwetu Buganda kila uzazi ingekuwa Wasswa na Kato, mama anaitwa Nnalongo, na Ssalongo, yaani baba wa mapacha, naye hana raha kwa sababu mamoseti dume ndiye anayewabeba watoto mgongoni sehemu kubwa ya siku. Oganoidi za ubongo ni miezi, wiki kadhaa kuanza na miezi kadhaa kukomaa.

Mkasi ukishakata

Watu wanadhani Krispa ni kama kusahihisha neno kwenye simu, unabonyeza limebadilika. Kwa kiinitete, yaani mimba ikiwa bado seli moja au chache, sio hivyo. Unadunga kiinitete cha seli moja, lakini mkasi unaendelea kukata baada ya seli kugawanyika, kwa hiyo mtoto anazaliwa mabakamabaka, ini limehaririwa, nusu ya ubongo haijahaririwa, na huwezi kuufungua ubongo wake kuhakikisha akiwa hai. Hilo linampata panya, makaki na mamoseti wote. Tofauti ni kwamba panya unazalisha tu, mabaka yanaondoka kizazi kinachofuata, ukakata kipande kidogo cha sikio ukapima, kazi imeisha kabla ya muhula. Nilifanya hiyo kazi miezi minane, panya unamwinua kwa mkia unamweka juu ya waya wa kizimba, anashika waya kwa mikono yote na kuvuta mbele, hapo ndipo unapopata nafasi ya kumtoboa sikio. Wa kwanza aliniuma. Wa pili pia.

Kwa makaki Wachina walitangaza mapacha wa kwanza wa Krispa mwaka 2014, Ningning na Mingming, na mabaka yalikuwepo. Njia ya kuyakwepa ni kuhariri seli kwanza, ukachagua iliyo safi, ndio ukaikloni, yaani kuitumia kutengeneza mnyama mzima mwenye jeni zilezile. Inayokaribia hiyo ilifanyika Shanghai, mwaka 2018 wakatangaza kloni za kawaida na mwaka 2019 wakatangaza watano wasio na jeni ya saa ya mwili, BMAL1, seli zikiwa zimetoka kwa makaki aliyehaririwa tayari. Watano hao walitoka kwenye viinitete 325 vilivyopandikizwa kwa mama 65. Soma hiyo tena polepole.

Mamoseti ana mtego wake ambao watu wengi wanaingia. Mapacha wale wanashiriki mishipa ya damu tumboni, kwa hiyo damu ya Kato imejaa seli za Wasswa mpaka wanazeeka. Ukitoa damu kupima kama uhariri umeingia unaweza kuwa unampima ndugu yake bila kujua. Ndio maana wanachukua vinyweleo au kucha. Oganoidi ndiyo rahisi kuliko zote hapa, unahariri seli, unachagua koloni moja, unazisoma jeni zake zote, ndio unaikuza.

Pesa, banda na umeme

Nitakuwa mfupi. Panya unaweza kufuga hapa kama banda lina hewa na chakula ni cha uhakika. Makaki anataka jengo lake, daktari wake wa mifugo, kipimo cha kifua kikuu kila mara kwa sababu tunaambukizana, na bei ilipanda vibaya baada ya China kusimamisha kuwauza nje mwaka 2020. Mamoseti anakula kidogo na anahitaji nafasi ndogo lakini tumbo lake ni la kudeka, anaharisha na kukonda kwa sababu ambazo hata waliomfuga miaka mingi wanabishania.

Oganoidi watu wanadhani ni rahisi kwa sababu hailishwi. Inalishwa bana, tena kila siku mbili tatu, na midia yake, yale maji ya virutubisho, ni ghali na inakuja kwa ndege na barafu. Kuna maabara moja siitaji, nilikuwa pale, Jumapili mtungi wa gesi ya kaboni ukaisha, aliyekuwa zamu amekwenda kwenye harusi Masaka. Jumatatu asubuhi tukafungua inkubeta, lile kabati la joto la kukuzia seli, midia ambayo huwa nyekundu ya machungwa imekuwa zambarau kama juisi ya zambarau kweli. Wiki kumi na moja za kazi. Hakuna aliyeongea, tukasikia tu friji inanguruma.

Dhamiri na vibali

Rafiki yangu mmoja ni wa ukoo wa Nkima, kima ndio muziro wao, hawamli na hawamgusi kwa ubaya. Nilipomweleza wale makaki wa BMAL1, wanaolala kidogo na wenye woga na wasiwasi, alikaa kimya halafu akauliza, "Na wale mama 65 nao walipelekwa wapi?" Sikuwa na jibu na mpaka leo naona ndilo swali zuri kuliko yote niliyoulizwa. Ukitengeneza mnyama mwenye ugonjwa wa akili kwa makusudi, ufanisi wa utafiti wako ndio mateso yake, akionyesha wasiwasi ndio umefaulu. Kwa panya pia kuna mateso, tusijidanganye, ila makaki anakutambua ukiingia na anakumbuka jana ulimfanyaje. Mamoseti ukimtenga na familia yake anaugua upweke. Oganoidi kwa sasa haileti swali hilo, inaleta lingine, yaani mgonjwa aliyetoa ngozi aliambiwa itatumika kwa nini na kwa muda gani.

Kanuni inayofuatwa ni ile ya Russell na Burch ya 1959: tumia kitu kisicho mnyama kama kipo, punguza idadi, punguza maumivu. Sokwe wameshatoka, Marekani taasisi zake za afya zilifunga ukurasa huo mwaka 2015. Hapa kwetu utafiti unapitia Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia juu ya kamati ya maadili ya taasisi yako, na sheria ya uhandisi wa jeni bado ni hadithi, Bunge lilipitisha mswada mwaka 2017 Rais akaurudisha. Kwa hiyo ukiandika neno uhariri kwenye fomu jiandae kuulizwa maswali, na ni sawa uulizwe.

Swali ambalo wengi wanaliruka

Unataka kutengeneza ugonjwa au kujaribu tiba? Ni vitu viwili. Kujaribu tiba ya kuhariri mara nyingi hakuhitaji makaki mgonjwa, kunahitaji makaki mzima mkubwa, unahariri tishu yake tu, hakuna kiinitete hakuna kloni. Mwaka 2021 walihariri jeni ya PCSK9 kwenye ini la makaki wazima, kolesteroli mbaya ikashuka kama asilimia 60 na ikabaki chini miezi mingi. Mwaka 2025 mtoto mchanga Philadelphia alipotengenezewa tiba yake peke yake ya ugonjwa wa ini, panya aliyewekewa kosa lake ndiye alionyesha kama tiba inafanya kazi, na makaki wazima ndio walionyesha kama ni salama. Waligawana kazi kama vijakazi wa nyumba moja.

Na sikoseli iko hapohapo. Casgevy, tiba ya kuhariri jeni iliyokubaliwa Uingereza na Marekani mwishoni mwa 2023 haisahihishi kosa lenyewe, inaamsha himoglobini (protini ya damu inayobeba oksijeni) ya mtoto wa tumboni. Panya hana mabadiliko hayo ya himoglobini kama sisi, makaki anayo. Ndio maana Seattle mwaka 2019 walitoa seli shina za damu za makaki, wakazihariri, wakazirudisha na himoglobini hiyo ikapanda.

Sasa wewe uko wapi

Kama uko masters na una miaka miwili, na unataka kujua jeni fulani inafanya nini mwilini kwa jumla, chukua panya na usione haya. Kwa sikoseli kuna panya wenye jeni za himoglobini za binadamu tangu 1997, yaani hata kuhariri huenda usihitaji, unaomba tu kolonia.

Kama ugonjwa uko kwenye kiungo ambacho panya hana, jicho la katikati, tabaka za mbele za ubongo, au umeshaona panya wameondolewa jeni na hawaumwi, hapo makaki ana hoja. Ila usianzishe lako. Tafuta kundi lenye wanyama tayari, omba data au tishu, na uwe na kitu cha kuwapa nao, mfano sampuli na historia za wagonjwa wetu ambazo wao hawana.

Kama ni ugonjwa wa kuhusiana na wenzako, sauti, malezi, au unahitaji vizazi kadhaa kabla ruzuku haijaisha, mamoseti anafaa kuliko makaki, ukikubali ubongo laini na ule mtego wa mapacha. Kama ugonjwa unaanza tumboni au una mgonjwa mwenye kosa la jeni ambalo hakuna mnyama analo, oganoidi. Na kama ni tiba unayojaribu, anza kwenye seli za wagonjwa kwenye sahani, panya baadaye, na makaki iwe kwa idadi ndogo mwishoni kabisa, kazi ya walio na leseni na majengo.

Yule wa sikoseli aliondoka ameshafuta ukurasa mzima, anataka kuanza na seli shina za damu kutoka kliniki. Yule wa Parkinson alinuna kidogo kwa sababu makaki wa Guangzhou walikuwa upande wake, mpaka nilipomwuliza ana miaka sita? Hana. Sasa anafikiria neva za dopamini kutoka kwa damu ya babu mwenyewe, PINK1 imesahihishwa upande mmoja na haijasahihishwa upande mwingine, kama kweli babu ana kosa hilo, maana hajapimwa. Akavaa helmeti, bodaboda inamsubiri getini, halafu akarudi mbio kuuliza, "Na mtungi wa gesi, Jumapili unaletwa na nani?"